Honora wa Ziwani Kwenye Mandolini

Gari niliendesha mimi siku ile, na maneno mengi niliyaeneza mimi, kwa hiyo sina haki ya kumtwisha Dympna Gilrane lawama zote. Nalisema hili mapema ili nisije nikajisafisha mbele ya safari.

Kila Jumapili baada ya Misa ya saa tano, sisi wapiga muziki wa mji wetu mdogo wa Kiltarra hukutana chumba cha nyuma cha baa ya Oweny McGarry. Mimi, Noreen, napiga fidla. Kuna filimbi mbili, kuna kodiani moja inayokoroma kama mzee aliyelala chali, na kuna Dympna, ambaye kinubi chake hukileta mara moja moja tu. Kinubi ni kizito, na kwa maneno yake mwenyewe, si chombo cha kupigania nafasi na glasi za bia. Mwaka huo, 1999, alikuwa na miaka hamsini na tatu, hajaolewa, anafundisha watoto kinubi sebuleni kwake. Kati ya wasichana wote waliofundishwa na Sista Columba kwenye nyumba ya watawa kule mlimani, ni yeye peke yake aliyekuwa bado anapiga.

Mwezi wa pili akaingia mtu mgeni. Fintan Culhane, mrefu, miaka sitini na kitu, anatembea ameinamisha kichwa kana kwamba kila mlango ni mfupi. Alikuwa amerudi kutoka Uingereza, akapanga kijumba karibu na kiwanda cha siagi kilichofungwa. Alikuja na mandolini, lile gitaa dogo lenye nyuzi za jozi jozi, kwenye begi la turubai, akaketi pembeni, akawa anapiga nasi nyimbo za kuchezea bila kumkanyaga mtu. Mpigaji mzuri. Lakini kwetu mgeni huulizwa kwanza yeye ni wa nani, na Fintan akiulizwa hivyo alijibu, "Wa mbali kidogo," halafu akainua kikombe chake. Chai. Mtu anakaa baa saa tatu nzima anakunywa chai! Hilo peke yake lilitosha watu kumtazama mara mbili.

Jumapili ya nne hivi, Oweny akamwambia, "Fintan, hebu tupigie kitu peke yako. Wewe unajificha nyuma yetu kama panya nyuma ya kabati."

Fintan akakataa, akabembelezwa, akakubali. Kwanza akalegeza jozi mbili za nyuzi nene hadi zikawa zinanguruma chini kuliko kawaida. Kisha akaanza, polepole. Mandolini sauti yake hufa upesi, kama tone la mvua kwenye bati. Yeye alikuwa hainui vidole. Aliuacha uzi mmoja ukiendelea kulia huku akigusa mwingine, sauti zikawa zinapandiana, na ukifumba macho ungeapa ni kinubi.

Nikamtazama Dympna nimwone anavyofurahi. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

Wimbo ule niliujua kwa sababu niliwahi kuusikia sebuleni kwake: Honora wa Ziwani. Ni lahani ya zamani ya kinubi ambayo Sista Columba aliirithi kwa bibi yake, na haikuwahi kuchapishwa wala kurekodiwa. Na katika sehemu ya pili, pale sikio linapongoja ishuke ikatulie, inaruka juu, inaning'inia kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, ndipo inashuka. Fintan alipofika hapo, akaruka juu.

Watu walipiga makofi. Dympna hakupiga. Akamfuata mpaka kitini.

"Huo umeutoa wapi?"

Fintan akamwangalia kwa muda, kisha akaangalia watu waliotuzunguka, kisha kikombe chake. "Niliusikia mahali. Zamani."

"Mahali gani?"

"Zamani, Miss Gilrane," akasema, akaanza kukaza nyuzi zake kurudi zilipokuwa.

Ndani ya gari Dympna akanigeukia. "Analo," akasema. "Noreen, yule mtu analo daftari."

Habari za daftari nilikwisha kuzisikia mara mia. Sista Columba alikuwa ameandika lahani zake zote thelathini na moja, kwa mkono, kwenye daftari lenye jalada jeusi. Alipofariki mwaka 1986 daftari halikuonekana chumbani kwake. Mwaka uliofuata nyumba ya watawa ikafungwa. Dympna aliahidiwa daftari lile, au aliamini hivyo, na kwa miaka kumi na tatu alikuwa amemshuku kila mtu. Alimshuku padri. Alimshuku mpwa wa Sista kutoka Sligo, maskini, mama asiyejua hata kupiga mluzi. Alimshuku msomi mmoja wa Dublin aliyekuja na mashine ya kurekodi akaondoka na homa.

"Labda aliusikia tu, kama anavyosema," nikasema.

"Kwa nani? Wenzangu wote walishaacha kinubi, na hakuna hata mmoja aliyeujua vizuri. Na ule mruko, shoga! Ule mruko ni wa Sista Columba mwenyewe. Nimewaeleza watu wa Dublin, nimewafundisha wanafunzi wangu: hapa ndipo alipoweka muhuri wake. Huwezi kuubuni. Ama umeuona umeandikwa, ama umeupata kwangu mimi. Na mimi sikumfundisha."

Lilikuwa neno la akili, nami nikalimeza zima zima. Kuanzia hapo tukawa wapelelezi wawili, na kila tulichookota kilikuwa na harufu. Mwenye bucha, Bwana Rooney, akatuambia amemwona Fintan mara mbili akizunguka magofu ya nyumba ya watawa, anachungulia madirisha ya chini. "Nilimpungia mkono," akasema Rooney, "akageuka kama hakuniona. Mtu mwema hupungiwa akapunga." Mama wa posta akasema hapati barua hata moja, wala ya Uingereza. Mtu ameishi huko miaka karibu arobaini hana hata wa kumtumia kadi? Mimi nikayachukua haya, nikayapeleka nilikokwenda, na kila nilipoyaweka yaliongezeka kidogo. Sikuongeza kwa makusudi. Lakini nilipomaliza kusimulia, watu walikuwa wanatikisa vichwa, na mimi nilifurahia vichwa vile vikitikisika.

Dympna ndiye aliyetega mtego. Akamwandikia Fintan kikaratasi cha adabu: angependa kujua namna lahani za kinubi zinavyowekwa kwenye mandolini, je, anaweza kuja na rafiki yake Jumatano saa tisa alasiri?

Alitupokea kwa shati lililopigwa pasi. Mezani mkate wa soda wa moto, siagi, nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba, na chai nyeusi ya kusimamisha kijiko. Nyumba ilikuwa safi kiasi cha kutisha. Hapakuwa na picha hata moja ukutani.

"Shida ni mkono wa kushoto," Fintan akamweleza Dympna, akiwa ameipakata mandolini. "Kwenye kinubi una mikono miwili, mmoja unaimba, mwingine unatembea chini. Mimi hapa mkono mmoja ndio unaochapa. Siwezi kuzipiga sauti za chini zote. Kwa hiyo nachagua moja, ile ambayo ikikosekana nyumba inaanguka, naipiga mapema kidogo, naiacha ilie. Sikio la msikilizaji linajaza zilizobaki."

"Umejifunza kwa nani hayo?"

"Kwa kukosea."

Akapiga lahani ya pili, na ya tatu, na ya nne. Chini ya meza Dympna alikuwa akinibana goti kila moja ilipoanza. Zote zilikuwa za daftari. Kisha akauliza kwa sauti ya asali, "Na Maombolezo ya Ardnagall, unaijua?" Hiyo ilikuwa mojawapo ya zile ambazo Sista hakuwahi kumfundisha mtu. Dympna alijua jina lake tu, kwa kuliona kwenye orodha ya daftari.

Fintan akafikiri. "Hapana. Hiyo siijui."

Ningekuwa na akili ningejiuliza hapo: mwenye daftari angekosaje kuijua? Lakini Dympna alinitupia jicho la kusema, umeona alivyo mjanja, nami nikaona.

Maziwa yakaisha. Fintan akasema atachukua kwa jirani, dakika tano. Mlango haujafungwa vizuri Dympna akawa ameshainuka.

"We Dympna, una wazimu? Kaa chini!"

"Angalia dirishani. Ukimwona sema."

Akafungua kabati. Akafungua mtoto wa meza wa juu: visu na uma. Wa chini: nyuzi za akiba, kipande cha nta, vichapio viwili vya pembe, vya kuchapia nyuzi, vilivyolika, na karatasi zimefungwa kwa kamba. Akaifungua kamba. Mimi nilikuwa dirishani kweli, lakini nilikuwa namtazama yeye, si njia, kwa sababu nami nilitaka kuona. Hivyo tulipogeuka wote wawili Fintan alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maziwa mkononi.

"Unatafuta nini, Miss Gilrane?"

Ungedhani Dympna ataona haya. Hakuona. "Daftari la Sista Columba," akasema. "Lirudishe leo, na sitakwenda polisi."

Fintan akaliweka jagi mezani taratibu. Zile karatasi mkononi mwa Dympna zilikuwa stakabadhi za kodi ya nyumba. "Sina daftari," akasema.

"Basi umezijua vipi?"

Masikio yalimwiva mekundu. Nilisema moyoni, huyo, mwizi amenaswa. "Nendeni nyumbani," akasema. "Mkate chukueni kama mnataka. Lakini nendeni."

Kufikia Ijumaa mji mzima ulijua. Dukani mama wa posta alimhudumia bila kumtazama usoni. Mtu mmoja aliandika kwa chaki neno MWIZI kwenye ukuta wa kiwanda cha siagi, mkabala na dirisha lake. Jumapili hiyo hakuja baa. Dympna alileta kinubi, akapiga Honora wa Ziwani kwa nguvu kama anayepigilia misumari, na watu wakampongeza.

Jumapili iliyofuata Fintan alikuja.

Ilikuwa saa saba mchana, chumba kimejaa, na Dympna amekileta kinubi tena. Kodiani ikakata katikati. Fintan hakuketi. Alikuwa hana mandolini, amevaa koti la kanisani, na alizungumza na Dympna kana kwamba sisi wengine ni viti.

"Jumanne saa kumi," akasema. "Kuanzia mwaka hamsini na saba hadi sitini na moja. Sista alikuwa na kikohozi. Ulikuwa unavaa viatu vyenye chuma kwenye kisigino, nilikuwa nakusikia tangu mwanzo wa korido."

Dympna akakiachia kinubi.

"Chumba cha muziki kilikuwa juu ya chumba cha boila, lile tanuri la kupasha nyumba joto. Kulikuwa na tundu la hewa ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa natia makaa, Miss Gilrane. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipoanza. Nimelelewa nyumba ya yatima, wakanileta pale, nikalala palepale chini miaka minne. Mandolini niliinunua gulioni Boyle. Siku za wiki nilikuwa nasikiliza, na Jumapili nyote mkiwa kanisani nilikuwa natafuta zile sauti. Ndiyo maana najua zako tu. Zile alizokufundisha wewe. Nyingine sizijui, sikuzisikia."

Oweny akasema, "Mbona hukusema toka mwanzo, bwana wewe?"

"Niseme nini? Mbele ya baa nzima, kwamba mimi ndiye yule wa makaa? Mkuu wa nyumba alinikuta siku moja na mandolini. Akaniambia, kazi yako hapa ni makaa, si masikio. Akasema akiisikia tena ananirudisha nilikotoka. Nilikwenda Coventry nikapiga kwa raha zangu, hakuna aliyeniuliza mimi wa nani." Akamgeukia Dympna. "Nilipiga ule wimbo hapa kwa sababu nilijua Dympna ni wewe. Nilidhani utaujua."

"Niliujua," Dympna akasema. "Niliujua kwa ule mruko. Mruko wa Sista."

Hapo Fintan akamtazama kwa mshangao, wa kweli kabisa. "Wa Sista? Sista alikuwa akiupigia kelele! 'Chini, Dympna! Shuka! Nani kakwambia upande?' Na kijiko cha mbao, ta, ta, kwenye vidole. Kila Jumanne, mwaka mzima. Yeye alipiga kwa kushuka hadi mwisho. Wewe ulikosea, ukakosea, ukakosea, mpaka akachoka akakuacha. Mimi nilizisikia njia zote mbili. Ya kwako ilinipendeza zaidi, ndiyo niliyochukua."

Sijawahi kuona mtu akikumbuka kitu namna ile. Mkono wa kulia wa Dympna ulikwenda wenyewe kwenye vifundo vya mkono wa kushoto, akavifunika. Miaka thelathini alikuwa amewafundisha watu kosa lake kwa jina la mwalimu wake, na hakuwa mwongo. Alikuwa amesahau tu kijiko.

"Fintan," akaanza, "mimi..."

"Si leo," Fintan akasema, akatoka.

Ungefikiri mambo yaliishia hapo, kwamba watu walisikia ukweli wakaona aibu wakafuta chaki. Haikuwa hivyo. Nusu ya Kiltarra haikuwa baa siku ile, na nusu iliyokuwapo ilishaizoea hadithi ya kwanza. Nilikutana na watu waliosema, ah, kisa cha boila ni kitamu, lakini daftari liko wapi? Kumshuku Fintan kulikuwa kumekuwa kama chumvi mezani, kila mtu anachukua kidogo.

Basi Dympna akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwake, maana ni mtu wa kiburi. Akazunguka nyumba kwa nyumba. Nilikwenda naye, kwa sababu nyingi za nyumba hizo nilizipelekea maneno mimi. Alibisha hodi, akasimama palepale mlangoni, akakataa chai, akasema: nilimwita Fintan Culhane mwizi, nilikuwa mwongo, naomba mmwache. Kisha nami nikasema la kwangu. Nyumba ya kwanza ilitutoa jasho. Ya ishirini nayo ilitutoa jasho, tusidanganyane.

Rooney wa bucha alifuta kisu chake polepole. "Lisemwalo lipo, Dympna."

"Nililisema mimi, na halipo."

"Na alivyokuwa anachungulia madirisha?"

"Alikuwa anatazama kitanda chake, Rooney. Alilala mle miaka minne, sisi tulikuwa tunakanyaga juu yake. Unataka nikupeleke ukaone kilipokuwa?"

Rooney hakutaka.

Ukuta wa kiwanda tuliusugua sisi wawili kwa brashi na sabuni, alasiri moja yenye baridi, huku tukijua yuko ndani anatuona. Pazia halikusogea. Dympna alikuwa amekwishabisha mlango wake mara tatu katika wiki zile. Mara mbili za kwanza alijibiwa "Si leo" kupitia mbao. Mara ya tatu hakujibiwa kabisa, na akarudi garini akaniambia, "Ana haki. Twende."

Daftari halijapatikana hadi leo. Dympna haliulizi tena, lakini siwezi kuapa kwamba ameacha kulifikiria. Tuhuma haimtoki mtu mara moja, hutoka kama rangi ya nguo, kila ukifua kidogo.

Mwisho wa mwezi wa tano, Ijumaa kabla ya chakula cha mchana, nilikuwa jikoni kwa Dympna namenya viazi. Mlango ukagongwa. Alikuwa Fintan, amelowa, begi la turubai amelikumbatia chini ya koti. Hakusalimu vizuri. Alisema, "Lahani ya saba. Ile ya harusi. Sehemu ya kwanza inanikosesha usingizi. Nilikuwa natia makaa ulipokuwa unaipiga, kelele za koleo zimenifunika sauti kama nne. Unazo?"

"Ninazo," Dympna akasema. "Ingia. Vua koti. Noreen, weka maji."

Dympna hakumwomba msamaha wakati huo. Alishamwomba, siku nyingine mlango ule ulipomfungukia mwishowe, peke yao, na walichoambiana sikukiuliza. Alikileta kinubi karibu na jiko. Unyevu wa siku zile ulikuwa umelegeza nyuzi zake zote, naye Fintan akagoma kuishusha mandolini ikutane nacho, akasema kinubi ndicho kipandishwe. Wakabishana juu ya hilo nusu saa. Walipokubaliana sauti wakaanza kubishana mwendo. Dympna alisema anapiga kama anayekimbizwa na mbwa, Fintan akasema yeye anapiga kama anayemzika huyo mbwa.

Niliviacha viazi kwenye maji, nikachukua mwavuli, nikatoka. Hata nilipofika getini nilikuwa nawasikia bado, hawajamaliza kipande cha kwanza.